Vipokezi vya Vikuza-Seli na Uundaji wa Mishipa ya Damu: Ufafanuzi kwa Kiswahili na Umuhimu Wake katika Mawasiliano ya Afya ya Uzazi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi vipokezi vya vikuza-seli vinavyoongoza uundaji wa mishipa ya damu mwilini. Hoja yake kuu ni kwamba athari ya kikuza-seli hutegemea kipokezi kinachokishika: aina ya kipokezi hicho, wingi wake na mahali kilipo. Ushahidi unaotumika unatokana na majaribio ya jeni kwa panya yaliyofanywa katika miaka ya 1990, tiba za saratani na za macho zilizoidhinishwa tangu mwaka 2004, na utafiti kuhusu kondo la nyuma katika ujauzito wenye shinikizo la juu la damu. Makala yanaonyesha kwamba istilahi za Kiswahili zinazotumika sasa, hasa mshipa, kipokezi na kifafa cha mimba, zinaweza kuubeba ujuzi huu endapo mipaka yake itabainishwa, na zinaweza kuupotosha endapo zitaachwa bila ufafanuzi. Mwishoni yanatolewa mapendekezo matatu kwa vyombo vya lugha na kwa watunga sera za afya.

Istilahi kuu: kapilari, kikuza-seli, kipokezi, kondo la nyuma, kifafa cha mimba

1.0 Utangulizi

Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichobainisha kwamba damu husukumwa na moyo, hupita katika ateri, kisha hurejea moyoni kwa njia ya vena. Maelezo yake yalikosa kiungo kimoja, yaani njia inayoitoa damu kwenye ateri na kuiingiza kwenye vena. Mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi aliiona njia hiyo kwa hadubini katika mapafu ya chura. Vilikuwa vijia vyembamba mno, ambavyo leo huitwa kapilari.

Kuviona vijia hivyo kulikuwa jambo moja. Kujua ni nini kinachoamuru vijengwe mahali fulani na visijengwe mahali pengine kulikuwa jambo jingine. Swali hilo la pili lilianza kupata jibu la kimolekuli katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Uzito wake unatokana na ukweli kwamba seli haiwezi kuishi mbali na damu. Oksijeni hupenya ndani ya tishu kwa umbali wa takribani mikromita 100 hadi 200 tu kutoka kwenye kapilari, umbali unaolingana na unene wa karatasi moja au mbili za kuandikia. Kwa hiyo kila kiungo kinachokua, kila kidonda kinachopona na kila uvimbe unaoongezeka lazima upate mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo ikipungua tishu hufa, nayo ikizidi au ikijengwa vibaya huvuja, hupasua au huziba.

Jambo hili linahusu pia taaluma ya Kiswahili. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia kiwe lugha rasmi nchini humo. Hadhi hizo huleta wajibu. Lugha iliyopewa urasmi hutarajiwa kubeba maelezo ya fomu ya ridhaa ya mgonjwa, mwongozo wa muuguzi na muhtasari wa sera ya dawa, tena kwa usahihi uleule unaotarajiwa katika lugha nyingine. Uundaji wa mishipa ya damu ni mahali pazuri pa kuupima uwezo huo, kwa sababu sayansi yake ni changamano na matokeo yake yanagusa ugonjwa unaotajwa katika kila kliniki ya wajawazito, yaani kifafa cha mimba.

2.0 Istilahi za Msingi

Istilahi tatu zinahitaji kuwekewa mipaka kabla ya kuendelea.

Ya kwanza ni mshipa. Katika matumizi ya kawaida neno hili hutaja ateri, vena, neva na hata kano. Tena mtu akisema kwamba fulani anaugua mshipa, wasikilizaji wengi huelewa ngiri au busha. Upana huo hauna madhara katika mazungumzo ya nyumbani, lakini katika maelezo ya tiba huacha nafasi kubwa ya kutoelewana. Katika makala haya, mishipa ya damu hutajwa kwa jina kamili, na panapohitajika aina zake hutenganishwa: ateri, vena na kapilari. Ukuta wa ndani wa mishipa yote hiyo umetandazwa safu moja ya seli bapa zinazoitwa seli za endothelia. Kapilari changa ni mrija wa seli hizo tu, na ndizo zinazosikiliza maagizo ya kujenga.

Ya pili ni kikuza-seli. Hii ni protini ndogo inayotolewa na seli moja na kuiathiri seli nyingine, ikiisababisha igawanyike, ihame, ikomae au iendelee kuishi. Ugunduzi wa protini za namna hii uliwapatia Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Baadhi ya maandishi huziita vichocheo vya ukuaji. Istilahi hiyo ina tatizo, kwa kuwa kichocheo tayari kina maana yake katika kemia, ya kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kubadilika, na hutumiwa pia kufafanulia homoni. Muundo wa kikuza-seli unafuata mkondo uliozoeleka wa kipaza sauti na kizima moto, ambapo kitenzi na yambwa yake huungana na kutaja kifaa kwa kazi yake.

Ya tatu ni kipokezi. Hii ni protini iliyo kwenye utando wa seli, ambayo hushika kikuza-seli kutoka nje na kuianzishia seli mwitikio ndani. Neno limeundwa kutokana na kitenzi pokea, na hapo ndipo penye hatari ndogo. Mpokeaji wa barua au wa mgeni hufikiwa na jambo, na aghalabu jambo huishia kwake. Kipokezi cha seli hakifanani na mpokeaji huyo. Kikishafikiwa huanza kutenda, na namna kinavyotenda ndiyo huamua maana ya ujumbe wenyewe. Sehemu zifuatazo zinatoa ushahidi wa dai hilo.

3.0 Umbo la Kipokezi na Utendaji Wake

Kikuza-seli kinachoongoza ujenzi wa mishipa ya damu kuliko vingine vyote hujulikana kwa kifupisho VEGF. Kilifikiwa kwa njia mbili tofauti. Mwaka 1983 Donald Senger, Harold Dvorak na wenzao huko Boston walieleza protini inayotolewa na uvimbe na kufanya mishipa ya damu ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California walitenga protini inayofanya seli za endothelia ziongezeke. Mpangilio wa asidi amino uliposomwa ilibainika kwamba protini hizo mbili ni moja. Kila kundi lilikuwa limeipa jina kulingana na tokeo lililoonekana mbele yake.

Vipokezi vya VEGF vina muundo wa pamoja. Sehemu ya nje ya seli ina mikunjo saba ya protini ambayo hushika kikuza-seli. Sehemu fupi hupita katika utando wa seli mara moja. Sehemu ya ndani ni kimeng'enya kinachobandika kundi la fosfati kwenye asidi amino iitwayo tirosini. Molekuli ya VEGF ina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo inapofika huvuta vipokezi viwili na kuviunganisha. Sehemu zake za ndani zikishakaribiana, kila moja hubandika fosfati kwenye tirosini za mwenzake. Tirosini zilizobandikwa fosfati hugeuka vituo ambako protini nyingine za ndani ya seli huja kutia nanga na kuamshwa.

Kutoka katika vituo hivyo mwitikio hugawanyika njia kadhaa. Njia moja hufika kwenye kiini cha seli na kuamuru mgawanyiko. Nyingine huizuia seli isijiue na kuchochea utengenezaji wa nitriki oksidi, gesi inayolegeza misuli ya ukuta wa ateri na kushusha shinikizo la damu. Nyingine hulegeza viungo kati ya seli jirani ili mshipa uweze kupitisha majimaji na seli ziweze kuhama. Baada ya hapo kipokezi humezwa ndani ya seli, ambamo huendelea kutoa ishara kwa muda kabla ya kuvunjwa au kurudishwa kwenye utando.

Vitabu vya kufundishia hupenda kulinganisha kikuza-seli na ufunguo, na kipokezi na kufuli. Mlinganisho huo unaeleza vizuri kwa nini kikuza fulani hushikwa na kipokezi fulani, lakini unaishia hapo, maana kufuli ikishafunguka haina la kuamua. Desturi ya kubisha hodi inaeleza zaidi. Hodi ni ileile katika kila mlango, lakini kinachofuata kinamtegemea aliyemo ndani: anaweza kumkaribisha mgeni, kumshikilia barazani, au kutoitika kabisa. Vivyo hivyo VEGF ileile huzaa matokeo tofauti kulingana na kipokezi inachokikuta.

4.0 Kikuza Kimoja, Vipokezi Viwili

Ushahidi ulio wazi zaidi ulichapishwa mwaka 1995, na watafiti waliokuwa Toronto, Kanada. Kundi moja lilizima jeni ya VEGFR-2 katika panya. Viinitete vilikufa kati ya siku ya 8.5 na ya 9.5 ya mimba bila kuwa na mishipa ya damu wala visiwa vya seli za damu vinavyotangulia mishipa hiyo. Kundi jingine lilizima jeni ya VEGFR-1. Viinitete hivyo pia vilikufa, lakini kwa sababu iliyo kinyume. Seli za endothelia zilikuwa nyingi kupita kiasi, na zilikuwa zimekusanyika ovyo ndani ya mirija iliyotakiwa kuwa wazi.

Vipokezi hivyo viwili hushika kikuza-seli kilekile. Kimoja kikiondolewa mishipa haipo. Kingine kikiondolewa seli za mishipa zinafurika. Fumbo hilo lilifumbuliwa kwa sehemu kubwa mwaka 1998, pale Sachie Hiratsuka, Masabumi Shibuya na wenzao wa Tokyo walipofuta sehemu ya ndani tu ya VEGFR-1, ile yenye kimeng'enya, na kuiacha sehemu ya nje inayoshika VEGF. Panya hao waliishi, na mishipa yao ya damu ilijengwa kama kawaida. Kwa hiyo katika kiinitete, kazi kuu ya VEGFR-1 ni kuishika VEGF na kuizuia isivifikie vipokezi vya VEGFR-2 kwa wingi. Maelezo hayo yanaafikiana na vipimo vya maabara: VEGFR-1 huishika VEGF kwa nguvu takribani mara kumi zaidi ya VEGFR-2, ilhali ishara yake ndani ya seli ni hafifu.

Haja ya kizuizi hicho inaeleweka zaidi kwa kuzingatia kipimo. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kiinitete cha panya hufa hata kikipoteza nakala moja tu kati ya nakala mbili za jeni ya VEGF. Ni nadra jeni kuwa na masharti makali kiasi hicho. Mwili unahitaji kiasi mahsusi cha VEGF, na vipokezi ndivyo vinavyogawa kiasi hicho. Kipo pia kipokezi cha tatu, VEGFR-3, ambacho kwa mtu mzima huongoza hasa ujenzi wa mishipa ya limfu kwa kushika vikuza-seli ndugu, VEGF-C na VEGF-D.

5.0 Jinsi Mshipa Mpya Unavyochipuka

Tishu inapokosa oksijeni, protini iitwayo HIF, ambayo kwa kawaida huvunjwa mara tu inapotengenezwa, hubaki salama na kuwasha jeni ya VEGF. Kugundua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni kuliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019. VEGF inayotolewa husambaa katika tishu, ikiwa nyingi karibu na chanzo na haba kadiri umbali unavyoongezeka.

Seli za endothelia zilizo katika mshipa wa jirani huipata VEGF hiyo zote, lakini haziitikii kwa pamoja. Kama zote zingeanza kuhama, mshipa ungesambaratika. Seli iliyoshika VEGF nyingi zaidi kwa vipokezi vyake vya VEGFR-2 huwa seli ya ncha: huchomoza vijinywele na kusonga kuelekea kwenye chanzo. Wakati huohuo huonyesha protini iitwayo DLL4 kwenye utando wake. Seli jirani huigusa DLL4 kwa kipokezi chao cha Notch, na mguso huo huzifanya zipunguze VEGFR-2 na kuongeza VEGFR-1. Kwa njia hiyo seli jirani hupunguziwa usikivu, hubaki nyuma, hugawanyika na kuunda shina la mrija. Kiongozi hupatikana kwa majadiliano ya vipokezi, na nafasi hiyo huweza kubadilishana kati ya seli kadiri chipukizi linavyokua.

Mrija mpya bado ni dhaifu. Seli zake hutoa kikuza-seli kingine, PDGF-B, ambacho huziita seli za kuegemeza ziitwazo perisaiti kupitia kipokezi chao, PDGFR-β. Panya waliokosa PDGF-B walionekana mwaka 1997 kuwa na kapilari zisizo na perisaiti, zenye vivimbe na zinazopasuka. Kipokezi cha Tie2, kilicho kwenye endothelia, huiimarisha hali ya utulivu kinapoamshwa na angiopoietini-1. Hivyo ujenzi wa mshipa mmoja huhitaji vipokezi vya kuanzisha, vya kuzuia na vya kutuliza, kila kimoja kwa zamu yake.

6.0 Tiba Zinazogusa Njia Hii

Mwaka 1971 daktari wa upasuaji Mmarekani Judah Folkman alitoa hoja kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi milimita 1 hadi 2 bila kujipatia mishipa mipya ya damu, na kwamba kuizuia mishipa hiyo kungekuwa tiba. Mwaka 2004 kingamwili inayoishika VEGF, bevacizumab, iliidhinishwa nchini Marekani kwa saratani ya utumbo mpana. Baadaye zilifuata dawa za vidonge zinazozuia kimeng'enya cha ndani ya kipokezi. Mafanikio yalipatikana, lakini yalikuwa na mipaka, kwa sababu uvimbe mwingi hujifunza kutumia vikuza-seli vingine.

Katika magonjwa ya macho, ambako mishipa inayovuja huharibu retina, matokeo yamekuwa bora zaidi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza bevacizumab ya kudungwa jichoni katika Orodha ya Dawa Muhimu mwaka 2013. Dawa nyingine, aflibercept, iliyoidhinishwa mwaka 2011, imetengenezwa kwa kuunganisha vipande vya nje vya VEGFR-1 na VEGFR-2. Ni kipokezi kilichoachiliwa kielee bila seli, ambacho hushika VEGF na hakiambii seli yoyote jambo lolote.

Madhara ya dawa hizi zinapoingia katika damu yote ndiyo yanayohusu zaidi mjadala huu. Wagonjwa wengi wa saratani wanaozitumia hupanda shinikizo la damu, na baadhi yao huanza kupoteza protini kwenye mkojo. Sababu yake ni kwamba VEGF haimalizi kazi baada ya mishipa kujengwa. Katika vichujio vya figo, seli za nje huitoa kila siku ili kuzihifadhi seli za endothelia zilizo upande wa pili, na katika ateri huendeleza utoaji wa nitriki oksidi. Ikizuiwa, ateri hubana na vichujio huvuja. Shinikizo la juu la damu pamoja na protini kwenye mkojo ni jozi inayofahamika kwa kila mkunga.

7.0 Kondo la Nyuma na Kifafa cha Mimba

Prieklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba, hupata kati ya asilimia 2 na 8 ya wajawazito duniani. Hutambuliwa baada ya wiki ya 20 kwa shinikizo la damu la 140/90 au zaidi, likiambatana na protini kwenye mkojo au dalili za kuathirika kwa kiungo kama vile ini, figo au ubongo. Ilijulikana tangu zamani kwamba ugonjwa huu hautokei bila kondo la nyuma, na kwamba tiba yake ya mwisho ni kuzaa na kondo kutoka. Kilichokosekana ni kiungo kati ya kondo la nyuma na mishipa ya damu ya mama.

Mwaka 2003 Sharon Maynard, Ananth Karumanchi na wenzao huko Boston walichapisha matokeo yanayoelekeza kwenye kiungo hicho. Kondo la nyuma hutengeneza VEGFR-1 ya namna ya pekee, iliyokatwa sehemu ya utando na ya ndani, ambayo huingia katika damu ya mama. Huitwa sFlt-1. Wajawazito wote wanayo, lakini wenye prieklampsia walikuwa nayo kwa wingi zaidi. Panya wajawazito walipopewa protini hiyo walipanda shinikizo la damu, wakapoteza protini kwenye mkojo, na vichujio vya figo zao vikaonyesha uharibifu unaofanana na wa wanawake wagonjwa. Mwaka 2004 utafiti mwingine ulionyesha kwamba kiwango cha sFlt-1 huanza kupanda takribani wiki tano kabla ya dalili.

Mfululizo wa matukio unaeleweka hivi. Katika ujauzito wa kawaida, seli za kondo hupenya katika ateri za mji wa mimba na kuzipanua ili damu ifike kwa wingi. Upanuzi huo usipokamilika, kondo hukosa damu ya kutosha na kumwaga sFlt-1 nyingi. Molekuli hizo huzishika VEGF na kikuza-seli ndugu, PlGF, kabla hazijafika kwenye mishipa ya mama. Kwa mfano wa hodi, ni kama watu waliosimama njiani wakimzuia kila mgeni kabla hajaufikia mlango. Endothelia ya mama, ikikosa ishara iliyoizoea, huacha kuzilegeza ateri. Shinikizo hupanda. Figo huvuja. Mishipa ya ubongo huathirika, na hapo ndipo hutokea maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe na hatimaye kuanguka na kutikisika mwili. Zipo sababu nyingine zinazochangia, za kinga ya mwili, za urithi na za maradhi aliyokuwa nayo mama kabla ya mimba, lakini njia nyingi kati ya hizo hukutana kwenye endothelia.

Tofauti kati ya aflibercept na sFlt-1 ni ndogo kwa umbo. Zote ni vipokezi vilivyoachiliwa. Moja huwekwa jichoni kwa kipimo ili kuokoa uono. Nyingine humwagwa na kondo bila kipimo na kuhatarisha uhai. Hapa hoja ya makala inaonekana kwa ukamilifu: VEGF ya mama haijabadilika, kilichobadilika ni kipokezi na mahali kilipo.

8.0 Athari kwa Istilahi na kwa Sera

Jina kifafa cha mimba limeenea na linafahamika, na kulifuta hakuna faida. Hata hivyo lina kasoro mbili. Kwanza, limekaa kwenye hatua ya mwisho ya ugonjwa, ilhali kazi yote ya kinga hufanyika kabla ya hatua hiyo. Mama ambaye hajawahi kuanguka ana haki, kwa mantiki ya jina lenyewe, kujiona hana ugonjwa huo. Pili, neno kifafa humpeleka msikilizaji kwenye ugonjwa wa ubongo wa siku nyingi, ambao katika jamii nyingi umezungukwa na unyanyapaa na maelezo ya kishirikina. Wala mishipa ya damu wala kondo la nyuma havisikiki katika jina hilo.

Kasoro hizo zina gharama, kwa kuwa hatua zinazofaa zipo na si ghali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya miligramu 75 kwa siku kwa wajawazito walio katika hatari kubwa, ianzwe kabla ya wiki ya 20, na nyongeza ya kalsiamu pale ambapo chakula kina kalsiamu kidogo. Magnesiamu salfeti, kwa ushahidi wa jaribio la nchi 33 lililochapishwa mwaka 2002, hupunguza uwezekano wa kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kila moja ya hatua hizo inamtaka mwanamke anayejiona mzima akubali kumeza dawa, kurudi kliniki au kulazwa. Atakubali kwa urahisi zaidi akielewa kinachotokea ndani ya mishipa yake.

Makala yanapendekeza mambo matatu.

Pendekezo la kwanza linavihusu vyombo vya lugha, vikiwemo BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Istilahi za uwanja huu zisanifiwe kwa mfumo wa dhana, kikuza-seli, kipokezi, kipokezi huru na kizuia-kipokezi zikiwekwa bega kwa bega pamoja na uhusiano wake, badala ya kuorodheshwa kwa alfabeti tu. Istilahi kipokezi huru inafaa kutaja molekuli kama sFlt-1, kwa sababu inaonyesha kwamba kitu hicho ni cha jamii ya vipokezi na kwamba kimetoka kwenye seli. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990, wakati maarifa mengi yaliyoelezwa hapa yalikuwa bado hayajapatikana; mfumo wa dhana ungerahisisha kuihuisha kazi ya namna hiyo.

Pendekezo la pili linazihusu wizara za afya. Vipeperushi na mafunzo ya wahudumu yatenganishe prieklampsia na kifafa cha mimba, na yaeleze chanzo kwa sentensi chache zinazosemeka. Mfano wa maelezo ambayo muuguzi anaweza kumpa mjamzito ni huu: "Mama, presha yako imepanda ingawa hujisikii vibaya. Kondo la nyuma linamwaga kitu kinachoifanya mishipa yako ya damu ibane na figo zako zivuje. Tusipolifuatilia, mishipa ya kichwani nayo itaathirika na unaweza kuanguka. Hata baada ya kujifungua tutaendelea kukupima, kwa kuwa hatari haiishi siku hiyohiyo." Maelezo hayo hayana istilahi hata moja ya kigeni, na hayapingani na sayansi iliyoelezwa katika sehemu ya saba.

Pendekezo la tatu linazihusu kamati za maadili ya utafiti. Fomu ya ridhaa ya jaribio la dawa inayozuia VEGF au vipokezi vyake haitoshi kusema kwamba dawa huzuia mishipa ya uvimbe. Inapaswa pia kusema kwamba kitu kinachozuiwa kina kazi nyingine katika figo, katika ateri na katika mimba. Ukaguzi wa tafsiri uzingatie kama msomaji ameielewa kazi hiyo ya pili, kwa kumtaka aieleze kwa maneno yake mwenyewe.

9.0 Hitimisho

Uundaji wa mishipa ya damu hutegemea mazungumzo kati ya vikuza-seli na vipokezi, na katika mazungumzo hayo kipokezi ndicho kinachoamua jibu. VEGFR-2 hujenga, VEGFR-1 hushikilia, Notch huwapa jirani nafasi zao, Tie2 hutuliza, na kipokezi kilichoachiliwa katika damu huweza kuwa dawa au maradhi. Kiswahili kina miundo ya kuyaeleza haya yote. Kilichobaki ni kuzipatanisha istilahi zake na dhana hizo, na kuyafikisha maelezo hayo kliniki, mahali ambapo mjamzito hupimwa presha na kuambiwa namba bila kuambiwa maana yake.